Nani Anaipoza Pluto?



Nimekuja kuzungumzia hewa kidogo sana. Mkiitwaa hewa yote iliyosimama juu ya mita moja ya mraba ya ardhi ya Pluto, tangu chini hadi inakoishia, mkaileta hapa na kuiweka kwenye mizani, haitafika kilo mbili. Juu ya mita kama hiyo hapa duniani, usawa wa bahari, imesimama hewa ya tani kumi. Na bado kilo mbili hizo zimewakalisha watu kwenye hesabu kwa zaidi ya miaka thelathini na mitano, zimewafanya wakosee mbele ya macho ya dunia nzima, kisha zikawafundisha jambo ambalo hakuna sayari nyingine iliyokuwa imewafundisha. Swali lenyewe mtoto anaweza kuliuliza: hewa ya Pluto ina joto kiasi gani, na ni nani anayeliamua joto hilo?

Niseme kwanza maana ya kuunda modeli ya joto la angahewa, kwa sababu neno hilo huwatisha watu bure. Kila angahewa ina daftari la mapato na matumizi. Mapato ni mwanga wa jua unaonaswa na hewa. Matumizi ni joto ambalo hewa yenyewe huliachia litoke, likiwa mwanga wa infraredi usioonekana kwa macho. Katikati kuna mikopo: tabaka lenye joto humpa jirani yake aliye baridi. Muunda modeli huigawa hewa katika matabaka mengi membamba, akafungua ukurasa kwa kila tabaka, akaandika nani ananasa, nani anaachia, na kiasi gani kinapita kwenda juu au chini. Kompyuta hutafuta halijoto ambayo kila ukurasa utafunga, mapato yakiwa sawa na matumizi. Kazi ni hiyo. Ugumu uko katika kuwajua wote waliomo kwenye daftari, na hapo ndipo Pluto ilipotukamata.

Pluto ina kipenyo cha km 2,377, ndogo kuliko mwezi wetu. Clyde Tombaugh aliiona tarehe 18 Februari 1930 kwenye picha zilizopigwa katika kituo cha Lowell, mjini Flagstaff, Arizona, na mwaka 2006 Muungano wa Kimataifa wa Wanaastronomia ulipokutana Prague ukaiweka katika kundi la sayari kibete. Ubishi wa jina hauhusiani na tulichojia. Kinachotuhusu ni kwamba mvutano wake ni mdogo, hata mzigo wa kilo 64 ungeuinua kule kama unavyoinua hapa mzigo wa kilo 4. Kwamba huzunguka jua kwa miaka 248. Na kwamba mwanga wa jua unaoifikia siku hizi ni kama sehemu moja kwa elfu ya huu tunaoupata sisi. Ardhi yake ina barafu ya nitrojeni, ya methani na ya monoksidi ya kaboni. Kule hewa na barafu ni mali moja inayohamahama. Barafu ya nitrojeni ikipata joto la nyuzi moja na kidogo zaidi, hewa iliyo juu yake inakaribia kuongezeka maradufu. Ikipoa kiasi hicho, nusu ya hewa hurudi chini ikaganda.

Hewa hiyo iligunduliwa kwa kivuli. Tarehe 9 Juni 1988 Pluto ilipita mbele ya nyota moja hafifu, ikaisitiri. Kitu kisicho na hewa kikipita mbele ya nyota, mwanga hukatika mara moja, kama taa iliyozimwa kwa swichi. Kitu chenye hewa huufifisha pole pole, kama koroboi inayoishiwa mafuta, kwa sababu hewa huupinda mwanga na kuutawanya kabla ukingo wa ardhi haujaufikia. James Elliot wa chuo cha MIT na wenzake walikuwa angani usiku huo, ndani ya ndege ya NASA iliyobeba darubini, iliyoitwa Kuiper Airborne Observatory, juu ya Pasifiki ya kusini. Wengine walikuwa wakitazama kutoka Australia na New Zealand. Elliot hakuwa mgeni wa kazi hii: mwezi Machi 1977, ndani ya ndege hiyo hiyo, kusini mwa Bahari yetu ya Hindi, alikuwa akiitazama nyota ikisitiriwa na sayari ya Uranus, akagundua kwamba Uranus ina pete.

Nyota ya 1988 ilififia pole pole. Pluto ina hewa. Lakini mchoro wa mwanga ulikuwa na jambo la ajabu: ulishuka kwa upole hadi mahali fulani, kisha ukakunja goti na kuporomoka. Goti hilo lilisomwa kwa namna mbili. Wako waliosema kwamba karibu na ardhi kuna ukungu uliouzuia mwanga. Wako waliosema hakuna haja ya ukungu: ikiwa hewa ya chini ni baridi kali na inapata joto haraka sana kadiri unavyopanda, mpindo wa mwanga peke yake utaleta goti kama hilo. Naomba mlishike goti hilo akilini, tutalirudia.

Kutoka mchoro huo huo ulipatikana upole wa kupungua kwa hewa, na hapa nawaletea hesabu ninayowapa wanafunzi wangu wa mwaka wa pili. Katika Pluto ilionekana kwamba kila unapopanda km 60 hivi, hewa hupungua hadi kubaki theluthi moja na ushee. Kwetu umbali huo ni km 8. Umbali huo hutegemea mambo matatu tu: mvutano, halijoto, na uzito wa molekuli. Mvutano ulijulikana, kwa kuwa mwezi wa Pluto uitwao Charon, uliogunduliwa mwaka 1978, ulikuwa umetupatia uzito wa Pluto. Yakabaki mawili. Ukisema hewa ni methani tupu, ambayo theluji yake ilikuwa imeonekana kwa darubini tangu 1976, basi halijoto lazima iwe nyuzi 206 chini ya sifuri. Ukisema ni nitrojeni, gesi nzito zaidi, lazima iwe na joto zaidi kwa nyuzi hamsini hivi. Mlinganyo mmoja, majibu mawili yasiyojulikana. Hapo anakwama mtu asiye na modeli ya joto.

Mwaka 1989 Roger Yelle na Jonathan Lunine waliukata ugumu huo kwa kuifungua methani yenyewe na kuuliza inafanya kazi gani. Molekuli ya methani hunasa mwanga wa jua wenye urefu wa wimbi wa mikromita 3.3. Joto lake huliachia hasa kwenye mikromita 7.6. Sasa, kuachia huku kwa mikromita 7.6 kunahitaji molekuli zigongane kwa nguvu ya kutosha kutikisana, na katika baridi ile migongano ya nguvu hiyo ni nadra. Hewa ikiwa baridi sana, methani hunasa lakini haiachii, kwa hiyo joto hupanda. Likipanda nyuzi kumi tu, uachiaji huongezeka karibu mara tano. Ni kama pasi ya umeme: ikipoa hujiwasha, ikizidi joto hujikata yenyewe. Yelle na Lunine walipiga hesabu mahali pasi hii inapojikata, wakapata nyuzi 167 chini ya sifuri.

Kwa halijoto hiyo, rudini kwenye zile km 60. Uzito wa molekuli unatoka 25 hivi. Methani ni 16. Kwa hiyo lazima kuna gesi nyingine, nzito kuliko methani, tena ndiyo nyingi. Mwaka 1992 darubini ya Waingereza iliyoko Hawaii iliona barafu ya nitrojeni na ya monoksidi ya kaboni juu ya Pluto, zote zikiwa na uzito wa 28, na nitrojeni ikiwa ndiyo bwana wa nchi. Methani ilikuwa kidogo tu, isiyofika asilimia moja ya hewa. Kila ninapolifundisha jambo hili nasimama kidogo. Daftari la joto lilikuwa limedai gesi nzito kabla jicho la mtu halijaiona.

Picha iliyotokea ina umbo la kushangaza kwa mtu aliyekulia chini ya milima yetu. Anayepanda Kilimanjaro huanza kwenye joto la migomba na kuishia kwenye barafu. Anayepanda kutoka ardhi ya Pluto angeanza kwenye nyuzi 236 chini ya sifuri, na baada ya km 25 au 30 angekuwa amepata joto la nyuzi sabini zaidi. Ardhi ndiyo baridi, kwa sababu barafu ya nitrojeni kila inapopokea joto hulitumia kugeuka hewa, isibaki nalo. Juu kuna methani inayonasa jua. Hata sisi tunacho kitu cha namna hiyo: juu ya mawingu, tangu km 12 hadi km 50, hewa yetu hupata joto kadiri unavyopanda, kwa sababu ozoni hunasa mwanga wa urujuanimno. Methani ya Pluto ilichukuliwa kuwa na kazi ya ozoni ya kwetu.

Kwa robo karne wataalamu waliendelea kulinoa daftari hilo. Monoksidi ya kaboni iliingizwa kwenye safu ya matumizi, kwa kuwa molekuli zake huachia joto zinapozunguka hata katika baridi kali. Darrell Strobel wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins alikuwa mmoja wa waliolishika daftari hili kwa uvumilivu kuliko wote, mwaka 1996 na wenzake, tena mwaka 2014 pamoja na Xun Zhu na Justin Erwin. Jibu lilikuwa kwamba juu kabisa, mamia ya kilomita kutoka ardhini, hewa ingekuwa na nyuzi kama 173 chini ya sifuri. Kwa halijoto hiyo na mvutano ule dhaifu, nitrojeni ingekuwa inatoroka kwa wingi mno kwenda angani, na chombo New Horizons, kilichorushwa Januari 2006, kingeukuta mtiririko huo.

Tarehe 14 Julai 2015 New Horizons kilipita km 12,500 juu ya Pluto, kikikimbia kama km 14 kwa sekunde. Kisingeweza kusimama wala kurudi. Upimaji wa hewa ya chini ulifanywa kwa njia ninayoipenda kwa ustadi wake. Antena kubwa za NASA hapa duniani zilirusha mawimbi ya redio kuelekea kule saa nne na nusu kabla, kwa sababu huo ndio muda wa mwanga kufika. Mawimbi yalitakiwa yawe yanapita ukingoni mwa Pluto dakika ile ile chombo kinapojificha nyuma yake. Yalifika kwa wakati. Hewa iliyapinda, chombo kikapima mpindo. Kanieneo kwenye ardhi ikatoka kama sehemu moja kwa tisini elfu ya ya kwetu. Ule mpando mkali wa joto karibu na ardhi ulikuwepo, kama modeli ilivyosema. Na upande ambao mawimbi yaliingilia, juu ya bonde la Sputnik Planitia lenye barafu ya nitrojeni upana wa km 1,000 hivi, ilionekana hewa baridi iliyotuama kama km 3 au 4 kwenda juu, ikiwa na halijoto karibu sawa na ya barafu iliyo chini yake. Upande wa kutokea haikuwepo. Kumbe hata umbo la hewa ya chini hufuata ardhi iliyopo.

Hadi hapo modeli ilisimama. Kisha vikaja vipimo vya juu. Chombo kilitazama jua likizama nyuma ya Pluto kwa kifaa cha urujuanimno, kikahesabu gesi iliyobaki katika kila kimo. Hewa ya juu haikuwa na nyuzi 173 chini ya sifuri. Ilikuwa na nyuzi 203 chini ya sifuri.

Nyuzi thelathini! Kwa mtu wa mtaani huo ni utofauti kati ya asubuhi ya Makete na adhuhuri ya Dodoma. Lakini pimeni kutoka kwenye baridi ya mwisho kabisa, ile ambayo chini yake hakuna baridi nyingine: modeli ilisema 100, kipimo kikasema 70. Karibu theluthi ya joto lote haipo. Na utorokaji wa gesi hutegemea zile molekuli chache zenye mbio kuliko zote, ambazo baridi huzipunguza haraka mno. Nitrojeni iliyokuwa inatoroka ilikuwa ndogo kuliko ilivyotabiriwa kwa kiasi cha mara elfu kumi. Pluto haikuwa inaivujisha hewa yake, ilikuwa inaishika.

Kuna mtu au kitu kilichokuwa kinaipoza Pluto bila kuandikwa kwenye daftari.

Wa kwanza kushukiwa alikuwa sianidi ya hidrojeni, molekuli hodari wa kuachia joto inapozunguka. Darubini za ALMA huko Chile ziliitafuta mwaka huo huo wa 2015 na kweli zikaipata, lakini haikutosha kuziba pengo. Asetilini nayo ikahesabiwa. Kisha ukapendekezwa mvuke wa maji. Mvuke wa maji ungeweza kuipoza Pluto vizuri sana, ila katika baridi ile maji yangekuwa yameganda yote; kiasi kilichotakiwa kilikuwa kikubwa kuliko kile ambacho hewa baridi namna ile inaweza kubeba, tena kwa mara nyingi mno. Mimi nawaheshimu sana waliopendekeza. Walisema wazi ni kiasi gani kinahitajika, na namba yao ndiyo iliyoonyesha kwamba mlango huo umefungwa. Namba iliyo wazi namna hiyo humsaidia anayefuata kuliko maelezo laini yasiyoweza kukataliwa.

Na muda wote huo mpozaji alikuwa pichani. Baada ya kuipita Pluto, New Horizons kiligeuza kamera kutazama nyuma, jua likiwa upande wa pili. Ukatokea mduara mwembamba wa mwanga kuzunguka giza la Pluto, na ndani yake matabaka ya ukungu, moja juu ya jingine, kama ishirini, yakipanda zaidi ya km 200. Picha ya rangi ilionyesha kwamba ukungu huo ni wa buluu. Magazeti mengi yaliichapa. Naamini wengi wenu mmeiona.

Hapa niseme neno juu ya neno. Ukungu tunaoujua sisi, wa Lushoto au wa Limuru alfajiri, ni vitone vya maji. Wa Pluto ni kitu kingine, ni wa jamii ya masizi. Juu kabisa mwanga wa urujuanimno huzivunja molekuli za methani na za nitrojeni. Vipande hivyo huungana vikawa asetilini, ethilini, sianidi, kisha vitu vizito zaidi visivyo na jina rahisi, ambavyo wanakemia huviita tholini. Huanza chembe ndogo ajabu, kama sehemu moja kwa laki moja ya milimita, nazo huanguka, hugongana, hunatana, zikawa vishada vyenye matawi na nafasi tupu ndani yake, kama vile masizi yanavyoning'inia kwenye paa la jiko la kuni. Chembe ndogo hutawanya zaidi mwanga wa buluu, ndiyo maana ya ile rangi. Vishada hivyo humaliza safari yao ardhini, na inaaminika ndivyo vilivyoipaka sehemu kubwa ya mkanda wa katikati wa Pluto wekundu uliokolea.

Wote tulikuwa tumeuona ukungu huo. Mwezi Novemba 2017, Xi Zhang wa Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, pamoja na Strobel yule yule na Hiroshi Imanaka, walichapisha katika jarida la Nature kwamba ukungu ndio mpozaji.

Hoja yao nitaieleza kwa vyombo vya taarabu. Molekuli ya gesi ni kama kanuni: ina nyuzi zilizokwishafungwa, kila moja na sauti yake, na kati ya sauti mbili hakuna kitu. Methani ina sauti ya 3.3 na ya 7.6 na nyingine chache; mwanga unaokuja kwa sauti isiyo yake hupita tu. Kitu kigumu ni kama fidla. Kidole huteleza kwenye waya na kila sauti iliyo kati hupatikana. Kishada cha ukungu kina mamilioni ya atomu zilizofungamana, kwa hiyo hunasa mwanga wa jua karibu wa kila rangi, na huachia joto karibu katika infraredi yote, hata ile ya mawimbi marefu ambayo baridi haiizuii. Pasi ya methani hukwama baridi ikizidi. Masizi hayakwami. Mama zetu wanajua kwamba sufuria iliyoshika masizi hupata moto upesi kuliko iliyosuguliwa. Fizikia inaongeza kwamba ikiepuliwa, ndiyo pia inayotoa joto upesi zaidi.

Basi ukungu uliingia kwenye daftari pande zote mbili. Hunasa jua na kuipasha nitrojeni kwa kugongana nayo. Hupokea joto la nitrojeni na kulitupa nje, kama rejeta ya gari inavyofanya kwa maji ya injini. Zhang na wenzake walipoandika safu hizo mbili, zilikuwa kubwa kuliko safu za gesi zote zikiwekwa pamoja, tangu ardhini hadi kimo cha km 700. Si kwamba modeli ya zamani ilikosea kujumlisha. Ilikuwa imehesabu kwa uangalifu wote sarafu za mfukoni, na mzunguko mkubwa wa fedha ulikuwa unapita dirisha la pili. Kurasa zilipofungwa upya, hewa ya juu ikatulia kwenye nyuzi 203 chini ya sifuri, pale ilipopimwa. Katika mfumo wetu wa jua hapakuwa na angahewa nyingine iliyojulikana ambayo joto lake linaamuliwa na chembe ngumu kuliko gesi.

Nataka turudi kwenye goti la 1988. Tangu siku ile ukungu ulikuwa mezani, na ulijadiliwa kwa miaka. Lakini mlisikia ulijadiliwa kwa lipi: je, unauzuia mwanga wa nyota au hauuzuii? Tuliutazama kama pazia. Hata mwaka 2015 ulipopigwa picha na kuhesabiwa matabaka yake, tuliusifia kama pazia zuri. Kwamba pazia lenyewe linafanya kazi, linapokea na kutoa, na kwamba ndilo lililoshika funguo za nyumba, halikuwa swali la wengi. Hili linaniuma kidogo kwa sababu kwetu duniani tulikwishaliona. Mwaka 1999 watafiti wa mradi wa INDOEX, waliokuwa na kituo Maldivi, walipima masizi na moshi unaotoka Asia ya kusini kuja juu ya Bahari ya Hindi, wakaonyesha jinsi chembe hizo zinavyonasa jua, zikaipasha hewa na kuipunguzia bahari mwanga. Kwetu gesi ndizo zinazoongoza, chembe zinafuata. Katika Pluto zamu zimebadilishana.

Modeli ya 2017 haikuomba iaminiwe tu. Ilisema: kama ukungu ndio unaotupa joto, basi joto hilo lazima lionekane, na Pluto itang'aa katika infraredi ya kati mara kadhaa kuliko inavyodhaniwa. Tabu ilikuwa Charon. Uko km 19,600 tu kutoka Pluto, na kwa darubini za zamani za infraredi viwili hivyo vilikuwa nukta moja. Hukuweza kujua joto lipi ni la ardhi ya Charon na lipi ni la hewa ya Pluto. Ilisubiriwa darubini ya James Webb, iliyorushwa tarehe 25 Desemba 2021. Mwaka 2022 ilitazama kwenye mikromita 18, 21 na 25, ikavitenganisha vile viwili, ikavifuatilia vikijizungusha kwa siku zao ndefu, siku 6.4 za kwetu kwa kila mzunguko mmoja. Mwaka 2025 Tanguy Bertrand, Emmanuel Lellouch na wenzao walitoa matokeo katika Nature Astronomy. Joto la ukungu lipo, na ni jingi kiasi cha kuidhibiti mizani ya joto ya angahewa ile.

Kazi iliyobaki ni ya kemia zaidi, na hapo ndipo modeli za sasa zinapopishana. Ukubwa wa safu ya ukungu unategemea ukungu umeumbwa na nini. Tholini zinazotengenezwa maabara kwa kuupitisha umeme au urujuanimno katika gesi ni nyeusi nyeusi na hunasa vizuri. Lakini katika baridi ya Pluto chembe zinaweza kuvikwa barafu ya sianidi au ya asetilini zinapoanguka, na barafu hunasa kwa namna nyingine. Ukibadilisha mavazi ya chembe, unabadilisha tarakimu kwenye kila ukurasa.

Na kuna majira. Pluto ilikuwa karibu na jua kuliko wakati wowote mnamo Septemba 1989, na tangu hapo inakwenda mbali. Wengi walitazamia hewa yake iporomoke na kuganda. Badala yake, kati ya 1988 na 2016 kanieneo iliongezeka mara tatu hivi, kwa kuwa bonde la Sputnik Planitia liligeuzwa kulielekea jua na barafu yake huchelewa kupoa. Lakini kituo cha mbali kabisa, mara 49 ya umbali wetu na jua, Pluto itakifikia mwaka 2114. Njiani methani iliyo hewani itabadilika, na methani ndiyo malighafi ya ukungu. Ukungu ukipungua sana, je, gesi zitarudishiwa daftari, na ile pasi ya Yelle na Lunine itaanza tena kujiwasha na kujikata kwenye nyuzi 167 chini ya sifuri? Nimeanza kuzifungua kurasa hizo, tabaka moja moja, nikianzia km 700 kushuka chini. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu aje ofisini kesho asubuhi; kompyuta ipo, milinganyo ipo, na matabaka yaliyobaki ni mengi.